Tableti imeingia bulanjeri, usingizi umetoka

Swali:

Jambo sana, Baba Enjenia. Mimi ni shefu wa zamu ya usiku katika bulanjeri (kiwanda cha mikate) moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Tuko watu kumi na wanne. Tangu Pasaka patroni ametuletea tableti: kila mkando unaandikwa, dakika zinahesabiwa, ukichelewa linatokea neno jekundu. Juu ya meza kuna kamera mbili. Mlangoni tunaweka kidole. Oda za wateja zinaingia WhatsApp usiku kucha, na mimi ndiye wa kujibu. Patroni aliambiwa kwamba mtambo huu utapunguza hasara na kuni, tuwe bulanjeri ya kijani. Lakini tangu mwezi wa sita mikate inayorudi kutoka kwa mama wauzaji imezidi, vijana wawili wameacha kazi, mmoja alisinzia kando ya mashine ya kukandia, na mimi nikilala mchana nasikia mlio wa simu hata kama nimeizima. Patroni anasema sisi wazee tunaogopa mashine. Ni kweli? Amekubali kusoma jibu lako.

Jibu:

Mama Shefu, maneno yaliyonishtua katika barua yako ni manne tu: tangu mwezi wa sita.

Kama ingekuwa hofu ya mashine, mikate ingeharibika Aprili, siku zile tableti ilipowashwa, halafu mngezoea na mambo yangenyooka. Kwenu imekuwa kinyume. Aprili na Mei kazi ilikwenda, Juni ikapinda. Sasa tuulizane watu wa Lubumbashi: Juni huleta nini? Huleta baridi. Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka hata chini ya nyuzi 10. Unga uliolala depo, chini ya bati, unaamka baridi. Maji ya bomba nayo ni baridi. Hamira ni kitu chenye uhai, na baridi inaipa uvivu: donge lenye nyuzi 20 linataka karibu mara mbili ya muda wa donge lenye nyuzi 28 ili liumuke kiasi kilekile.

Na tableti yenu je? Nadhani dakika zilizomo ni zilezile zilizoingizwa Aprili, usiku ulipokuwa bado na joto. Yaani kila usiku mnapewa amri mbili. Jicho lako, Mama, na kidole chako kikibonyeza donge, vinakwambia: bado. Tableti inakwambia: umechelewa. Mkisikiliza jicho, neno jekundu linawaka na patroni analiona asubuhi. Mkisikiliza tableti, mkate unaingia tanurini haujaumuka, unatoka mzito, ganda limepasuka ubavuni, ndani umeshikana. Mama muuzaji anaupima kwa mkono tu, anaurudisha. Hapo ndipo mikate inaporudi, na ndipo vijana wanapoondoka. Ni shida moja, ina milango miwili.

Kwa hiyo, patroni (najua unasoma, jambo kwako), watu wako hawaogopi mashine. Wamechoka kubishana nayo wakiwa wanajua kwamba wao ndio wenye haki. Robert Karasek, mtafiti Mmarekani, aliandika jambo hili mwaka 1979, na hadi leo wanaochunguza afya kazini wanalirudia: kazi nyingi peke yake si ndiyo inayomvunja mtu. Kinachomvunja ni kazi nyingi pamoja na kunyimwa uamuzi juu ya kazi hiyohiyo. Mwokaji mwenye oda elfu ambaye anaruhusiwa kusema "tusubiri dakika ishirini" atachoka, atalala, ataamka. Mwokaji mwenye oda mia tano anayekatazwa kusema hivyo atalala na simu kichwani, kama Mama Shefu.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe, ili patroni asidhani namsema yeye peke yake. Miaka ya nyuma niliitwa katika kinu kimoja cha unga wa mahindi, sitakitaja. Niliweka mizani ya kisasa kwenye kila mashine, na kila asubuhi nikawa nabandika ukutani karatasi yenye kilo za kila msagaji. Nilijiona nimewaletea ustaarabu. Wiki mbili tu, kilo zikapanda vizuri sana, mwenye kinu akaninunulia soda. Baadaye magunia yakaanza kurudi, unga umevunda. Wasagaji walikuwa wameacha kuchagua mahindi. Yaliyokauka na yenye unyevu yote yalikwenda kinuni, kwa sababu karatasi yangu ilihesabu kilo, haikuhesabu unyevu. Mahindi ya kuwekwa akiba yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Yakizidi hapo sana, kuvu wanaingia. Mimi ndiye niliyeozesha ule unga, kwa karatasi. Tangu siku ile, kabla ya kufunga kifaa chochote nauliza kwanza: kitamtazama nani, mtu au chakula?

Kwenu vifaa vyote vinamtazama mtu. Kamera inatazama mikono, mlango unatazama vidole, tableti inatazama dakika za watu. Hakuna hata kimoja kinachoangalia donge. Hamna kipimajoto cha unga! Kitu cha bei ndogo kuliko vyote mlivyonunua, na ndicho kingewaokoa mwezi wa sita.

Hesabu yenyewe waokaji wa zamani wanaijua, nami naiandika hapa ili muiweke ndani ya tableti, ifanye kazi ya maana. Chagueni joto mnalotaka donge liwe nalo likitoka kwenye mashine ya kukandia. Tuseme nyuzi 26. Zidisha mara tatu: 78. Toa joto la unga, toa joto la chumba, toa joto linaloletwa na msuguano wa mashine. Kinachobaki ndicho joto la maji mtakayomimina. Usiku wa Julai unga una nyuzi 14, chumba 17, msuguano tuuchukulie 8 (wa kwenu mtaupata kwa kupima mikando michache). Jumla 39. Toa kwenye 78, inabaki 39: maji ya vuguvugu. Oktoba, jua linapochoma, unga una 27, chumba 29, msuguano uleule 8. Jumla 64, inabaki 14: maji ya baridi, hata barafu kidogo. Mtu mmoja aingize namba mbili, unga na chumba, tableti iseme joto la maji. Hapo mashine inakumbuka na kukokotoa, kazi ambayo binadamu huikosea saa 03:00 ya usiku, na mtu anabaki na kazi ambayo mashine haiwezi, ya kugusa donge na kuamua. Maji ya moto hamhitaji kuyanunulia umeme. Pipa la chuma kando ya ukuta wa tanuri litayapasha bure.

Na lile neno jekundu liondoeni kabisa. Wekeni mahali pa kuandika sababu: "baridi", "umeme umekatika", "unga mpya". Neno moja. Baada ya mwezi patroni atakuwa na hazina ambayo kamera haitampa hata baada ya miaka kumi.

Sasa kuni. Umegusia habari ya bulanjeri ya kijani kama kwa mzaha, lakini mimi hilo nalichukulia kwa uzito. Kuni zenu zinatoka kwenye msitu uleule wa miombo unaotoa makala (mkaa) ya kupikia bukari (ugali) mji mzima, na kila mtu aliyekulia hapa ameona jinsi msitu ulivyosogea mbali na mji. Kwa matanuri ya udongo ya huko porini, kilo 100 za kuni hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu. Kinachobaki ni moshi na majivu. Ninyi mnachoma kuni moja kwa moja, ni afadhali. Lakini soma tena barua yako, Mama: oda zinaingia usiku kucha. Maana yake tanuri halipumziki na halifanyi kazi kwa mfululizo. Tanuri la matofali ni kama ng'ombe wa maziwa, lina saa zake. Ukilipasha moto mara moja vizuri, matofali yanabeba joto, na unaweza kupitisha mikate mzigo kwa mzigo bila kuongeza kuni nyingi. Ukimaliza, ukakaa saa moja na nusu, halafu WhatsApp ikalia kwamba hoteli fulani inataka mikate 80 zaidi, unawasha upya. Mzigo wa kwanza baada ya kuwasha unakula kuni nyingi kuliko mizigo kadhaa inayofuata. Oda ile ya mikate 80 faida yake imeishia kwenye moto, na usingizi wako umeungua pamoja nayo.

Dawa yake haina teknolojia hata kidogo: oda zifungwe saa 18:00. Baada ya hapo simu ya bulanjeri inabaki kwenye droo ya ofisi, na ujumbe unajibiwa wenyewe kwamba oda itaokwa kesho. Wateja watalalamika wiki mbili. Mama wauzaji hawatalalamika, kwa sababu wao mahitaji yao wanayajua tangu mchana; wanaochelewa ni wateja wakubwa, na wamechelewa kwa sababu waliruhusiwa. Kama patroni anataka kuwabembeleza, awauzie walioagiza mapema kwa bei nafuu kidogo.

Umeme nao una maneno yake, na hapa ndipo mtambo wenu ungeweza kuwa mfalme. Lubumbashi inalishwa na mabwawa ya Katanga kama Nseke, Nzilo na Mwadingusha, pamoja na laini ndefu inayotoka Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, iliyokamilika mwaka 1982. Migodi inavuta kwenye kamba hiyohiyo. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haiishi kesho. Lakini delestaji ina tabia, na kila mtaa unaijua ya kwake kwa kubahatisha. Andikeni kila mara SNEL (shirika la umeme) inapokata na inaporudi, tarehe na saa, miezi miwili tu. Mtaona kama kuna saa zenye hatari zaidi, na mtasogeza kukanda mbali nazo. Mkando unaokatwa katikati ndio hasara mbaya kuliko zote: donge halijashikana, hamira imeshaanza, na kila mtu anampigia kelele aliye karibu na jenereta. Msongo wa usiku mzima huzaliwa katika dakika hizo tano.

Jenereta nalo, patroni, lisiwashwe kwa ajili ya kamera na taa. Lita moja ya mazuti (dizeli) huleta umeme wa kilowati-saa 3 hivi kama jenereta limebeba mzigo wake sawasawa. Likibeba taa tatu na kamera mbili linakunywa karibu bure, na kila lita linatoa kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Sola ndogo na betri zitatosha kwa taa, tableti na intaneti. Jenereta liwe la kukandia tu, liwashwe, lifanye kazi nzito, lizimwe. (Na wakati tuko kwenye mambo ya kijani: mikate ya "kijani" inayotoka mlangoni ndani ya sashe za plastiki, ambazo dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilizipiga marufuku nchi nzima, mimi hunichekesha. Mama wauzaji wana mabeseni na vitambaa safi. Karatasi itatosha kwa wengine.)

Kuhusu mikate isiyouzwa, ile iliyo mizuri lakini imebaki, hamhitaji programu ya bei. Kaye (daftari) mnayo. Chukueni Jumatatu nne zilizopita, tafuteni wastani, ndio makadirio ya Jumatatu ijayo. Hivyo hivyo kila siku. Mwisho wa mwezi ongezeni, siku za mvua kubwa punguzeni, likizo ya shule punguzeni sana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 19 ya chakula kilichowafikia wauzaji na walaji duniani kilitupwa. Hiyo ni namba ya dunia, ya kuogopesha kwenye mikutano. Namba yenu iko kwenye kaye, na ndiyo mnayoweza kuipunguza. Mkate uliobaki na haujaota kuvu ukaushwe kwenye joto la mwisho la tanuri, usagwe uwe chenga za kukaangia samaki. Jikoni za hoteli zinanunua. Ulioota kuvu usipewe kuku, hata kama jirani anakuomba.

Nirudi kwa kijana aliyesinzia. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko mengine, kwa sababu mashine ya kukandia haijui kutofautisha donge na mkono. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 umakini wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kijana anayeamka saa 10:00 asubuhi kwa sababu watoto wa nyumba wanapiga kelele, akaja kazini saa 20:00, saa 03:00 ya usiku ameshafika hapo. Hakunywa kitu, lakini mikono yake imelewa. Jambo la wapishi wa mikate kuugua kwa sababu ya usiku si la leo: daktari Muitaliano Bernardino Ramazzini alishaliandika mwaka 1700, pamoja na vumbi la unga linaloziba kifua. Hakukuwa na tableti. Kwa hiyo tusiitupie tableti dhambi zote.

Lakini tableti na simu zimeongeza dhambi moja mpya: zimemfuata mwokaji kitandani. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Mama Shefu anayejibu wateja saa 11:00 za mchana, wakati wake wa kulala, yuko kazini, na mahesabu ya kidole mlangoni hayahesabu saa hizo. Ni ajabu kidogo: mtambo unaojua dakika tatu alizochelewa kuingia haujui saa mbili alizofanya kazi akiwa ndani ya chandarua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliueleza uchovu wa kupindukia kama hali inayotokana na kazi; mimi sioni hapo udhaifu wa mtu. Mlio unaousikia wakati simu imezimwa, Mama, usiuonee aibu. Mwili wako umefunzwa kungoja, umekuwa mlinzi. Ukikaa wiki tatu au nne bila simu hiyo kitandani huenda ukapungua. Usipopungua, mwone daktari, usingoje.

Wekeni mapumziko ya kulala dakika 20, kwa zamu, wakati donge linaumuka. Kiti cha kuegemea na godoro dogo mbali na tanuri. Patroni atasema nalipa watu walale. Analipa wasikatwe vidole.

Kamera sina ugomvi nazo zikiwa mlangoni na kwenye depo ya unga, kwa ajili ya wezi. Juu ya meza ya kazi sioni zinamfaa nani. Mtu anayejua anatazamwa anafanya kazi ya kuonekana anafanya kazi: hasimami, haonji, hagusi, anakimbia. Na kuna sheria sasa. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi, na alama ya kidole ni habari ya mwili wa mtu, haibadilishwi kama neno la siri. Patroni awaite wote kumi na wanne, awaambie kinachohifadhiwa ni nini, kwa nini, kinakaa wapi, nani anakiona, na kinafutwa lini. Asipoweza kujibu swali moja kati ya hayo, kifaa hicho kizimwe mpaka ajue. Afadhali aulizwe na wafanyakazi wake kuliko aulizwe na wengine.

Wazee, basi. Umeuliza kama ni wazee wanaoogopa. Katika kazi yangu nimeona wenye miaka 55 wanaoshika tableti vizuri kabisa wakipewa sababu, na vijana wa miaka 22 wanaoitupa wakiona inawadanganya. Walioondoka kwenu ni vijana, si wewe.

Msibadilishe kila kitu kwa usiku mmoja, maana mtashindwa kujua kilichosaidia. Anzeni na vipimajoto viwili na maji ya vuguvugu, wiki nzima, mkihesabu mikate inayorudi kila siku. Wiki ya pili fungeni oda saa 18:00. Nadhani kabla ya wiki ya tatu mtakuwa mmeona tofauti kwenye beseni la marejesho, na ikiwa hamkuiona, niandikieni pamoja na joto mlilopima, tutafute kwingine: labda ni hamira ya zamani, labda unga umebadilishwa bila ninyi kuambiwa. Agosti ikiisha, baridi inaondoka haraka. Hesabu ileile itaanza kuwataka maji ya baridi, na tanki lenu la juu ya bati litakuwa linachemka. Tafuteni kivuli chake mapema.

Na mmoja wa wale wawili walioacha, nahisi kwa jinsi ulivyoandika, ndiye aliyekuwa mkono wako kwenye tanuri. Patroni ampigie simu, mchana, kabla ya kununua kamera ya tatu.